Ninga wa Lulindi na Ninga wa Pemba

Wanachama wengi wamjua ninga, yule njiwa wa kijani apendaye matunda ya mkuyu. Lakini ni wachache wajuao kwamba ninga wa Pemba siye yule wa Bara. Kwa hivyo twaona yafaa kuwalinganisha.

Aendaye Lulindi, katika nchi ya Masasi, atamkuta ninga wa Bara juu ya mikuyu wakati matunda yakiwiva. Kichwa chake na kifua ni kijani kilichochanganyika na manjano, begani ana doa la zambarau, na mapajani kama aliyevaa suruali ya manjano. Akinyamaza majanini ni taabu kumwona. Jamaa zake wameenea tangu Senegal hata Afrika Kusini.

Ninga wetu ana kichwa, shingo na kifua vya kijivu. Mgongo ndio wa kijani, na doa la begani limekoza. R. H. W. Pakenham, aliyekuwa afisa wa Serikali ya Zanzibar, alimwarifu kwa wataalamu mwaka 1940. Duniani kote hana kwao ila Pemba. Sababu ni bahari. Mkondo baina yetu na Bara una upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake chafika mita 800. Zamani bahari iliposhuka, Unguja iliungana na Bara, Pemba ikabaki kisiwa. Nao ndege wake, kwa kukaa peke yao dahari nyingi, wakageuka.

Khabari hii yatuhusu sisi wakulima. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika biashara, na misitu mingi ikafyekwa ili kupanda. Sisi tukaneemeka, ninga akapungukiwa na makao. Tena watu humwinda kwa nyama. Leo amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini, na msitu wa Ngezi ni katika makimbilio yake machache.

Hatusemi mikarafuu ing'olewe. Twaomba mkuyu ulio mpakani mwa shamba usikatwe ovyo, na vijana wakatazwe kumtega na kumpiga ninga. Ninga wa Lulindi akiisha kule, wenziwe wapo nchi nyingine. Wetu akiisha, hapana pa kumtafuta.