Merikebu ya Angani Iliyokusudiwa Kutua Umakondeni

Tarehe 18 Novemba 1917, jeshi la Kijerumani lililokuwa likirudi nyuma mbele ya Waingereza lilifika Kitangari. Siku iliyotangulia, huko Nambindinga, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa ameamua kuwaacha wagonjwa wake na kuendelea na wale tu walioweza kutembea na kupigana. Risasi zilikuwa chache, na kwinini ilikaribia kwisha. Wakati huohuo, maelfu ya kilometa kaskazini, chombo kikubwa kilikuwa kikitayarishwa kuleta vitu hivyohivyo katika nyanda za juu za Makonde.

Kabla ya hapo meli mbili za shehena zilikuwa zimepenya ulinzi wa manowari za Kiingereza. Rubens iliingia ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwezi Aprili 1915. Na Marie ikatia nanga Sudi, kusini ya Lindi, mwezi Machi 1916. Kufikia mwisho wa mwaka 1917 pwani yote ilikuwa imetekwa. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ya angani.

Chombo kilichochaguliwa kiliitwa L 59. Kilikuwa na urefu wa meta 226, yaani zaidi ya viwanja viwili vya kandanda, na mifuko yake iliweza kubeba meta za ujazo 68,500 za gesi ya haidrojeni. Kilielea kwa kanuni ileile ya Archimedes inayoielezea mashua majini. Katika nyuzi 0 za Sentigredi, kwenye usawa wa bahari, meta moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.29, na ya haidrojeni kilo 0.09 tu. Tofauti ni kilo 1.2. Mwanafunzi akizidisha kwa 68,500 atapata tani 82 hivi. Katika hizo huna budi kutoa uzito wa kiunzi, injini tano, mafuta, maji na mabaharia 22. Shehena yenyewe ilikuwa kiasi cha tani 15, zikiwemo risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha na dawa.

Safari ilikusudiwa kuwa ya kwenda bila kurudi, kwa kuwa huku hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza tena. Basi chombo chenyewe kilifanywa kuwa shehena: turubai lake lingeshonwa mahema na nguo, kitambaa cha mifuko ya gesi kingekuwa bendeji, na vyuma vya kiunzi vingesimamishwa kuwa milingoti ya simu ya upepo.

L 59 iliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Ilivuka bahari ya Mediterania na kuingia jangwa la Misri. Hapo fizikia ikaanza kudai haki yake. Mchana jua liliipasha gesi joto. Gesi ikatanuka hata ikazidi nafasi ya mifuko, na ziada ikalazimika kuachiwa itoke. Usiku jangwa lilipopoa, gesi iliyobaki ilisinyaa. Ujazo ulipopungua, uzito wa hewa iliyosukumwa kando ulipungua pia, na pamoja nao kani ya kuelea. Chombo kiliporomoka hata kikakaribia kugonga ardhi, ikabidi maji ya uzani na sehemu ya shehena vitupwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, magharibi ya Khartoum, baada ya safari ya saa 40 hivi, amri ilifika kwa simu ya upepo: rudini. Berlin ilikuwa imepata habari kwamba Lettow-Vorbeck ameondolewa katika nyanda za Makonde, mahali palipokusudiwa kutua. Chombo kiligeuka, kikafika Jamboli asubuhi ya tarehe 25. Kilikuwa kimekwenda kilometa 6,757 kwa saa 95 bila kutua, na bado kilikuwa na mafuta ya siku mbili na zaidi. Tarehe 7 Aprili 1918 kiliwaka moto juu ya mlango-bahari wa Otranto, na mabaharia wake wote wakafa.

Siku ileile ya tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Humo alipata bunduki, kwinini na risasi zipatazo 250,000. Vita vikaendelea kwa mwaka mmoja zaidi.

Risasi hizo hazikuchukuliwa na merikebu ya angani, bali na mabega ya watu. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Jina la L 59 limehifadhiwa vitabuni, ingawa shehena yake haikufika. Mwalimu anayefundisha kanuni ya Archimedes anaweza kuitumia safari hiyo kuwa mfano. Lakini akumbushe pia kwamba kila kilo iliyofika katika nyanda hizi ilipandishwa mlima na mtu.