Njia nyembamba ya data inavyoweza kulemaza mitambo

KAMPUNI zinazohifadhi data katika nakala kadhaa hudhani zimejikinga dhidi ya hasara. Hata hivyo, kinga hiyo hutegemea jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa: upana wa njia inayopitisha data baina ya seva.

Katika mfumo huu, seva kadhaa huunganishwa, na kila moja huendesha kompyuta pepe nyingi, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu. Data huwekwa kwenye seva zaidi ya moja ili mojawapo ikiharibika, nyingine ziendelee na kazi.

Katika Ceph, programu ambayo kwa kawaida huweka nakala tatu, kila gigabaiti inayoandikwa huzaa gigabaiti mbili zaidi za kusafirishwa baina ya seva.

Mzigo huzidi diski inapoharibika. Njia ya gigabiti moja kwa sekunde haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Hivyo basi, kunakili upya terabaiti nne kupitia njia hiyo huchukua takriban saa tisa, hata ikiwa haina shughuli nyingine. Njia ya gigabiti 10 hupunguza muda huo hadi chini ya saa moja, mradi diski zihimili kasi hiyo.

Mnamo Aprili 21, 2011, kampuni ya Amazon ilikuwa ikipanua mtandao wake mkuu huko Virginia, Marekani, data ilipoelekezwa kimakosa kwenye mtandao wa akiba wenye uwezo mdogo. Mtandao huo ulilemewa, na seva nyingi zikapoteza mawasiliano na zile zilizokuwa na nakala za data zao.

Hitilafu iliporekebishwa, seva hizo zilianza kwa pamoja kutafuta nafasi ya kuunda nakala mpya. Nafasi iliisha upesi, na asilimia 13 ya hifadhi katika kituo kilichoathirika zikakwama. Tovuti kama vile Reddit na Quora zilitatizika. Asilimia 0.07 ya hifadhi za kituo hicho hazikuweza kurejeshwa zikiwa kamili.

Kutokana na hayo, inafaa nakala zitengewe mtandao wake, mbali na ule unaohudumia wateja. Aidha, kasi ya kunakili upya yapasa kudhibitiwa, na njia ya akiba iweze kubeba mzigo wote wa njia kuu. La sivyo, akiba hiyo huwa ya jina tu.