Ukitaka Kupiga Solo, Anza na Kodi

Mwanafunzi wa gitaa akishazoea kodi nne tano na nyimbo mbili tatu, hamu inayofuata huwa moja: kupiga solo. Hapo ndipo wengi hupewa skeli. Huambiwa wazipande na kuzishuka noti zake mpaka vidole vizoee, kisha wachague humo wanazozitaka. Baada ya miezi kadhaa vidole vinakimbia kweli, lakini kinachosikika bado ni mazoezi: noti nyingi, zote za ufunguo ule ule, wala haionekani kama mpigaji anajua wimbo umefika wapi. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Anayeanza solo aanze na noti za kodi, yaani zile zile anazozishika mpiga ridhimu wakati huo huo, na skeli ije nyuma yake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya uzi wenyewe. Piga uzi wa tano, ule wa A, huku umeugusa kidogo tu bila kuukandamiza, juu ya chuma cha freti ya 12: utasikia A ya juu. Hamia freti ya 7, utasikia E. Freti ya 5 itakupa A tena, ya juu zaidi. Sasa tafuta kwa subira karibu na freti ya 4, nyuma yake kidogo kuelekea kichwa cha gitaa, na C-shapu italia, hafifu lakini dhahiri. A, C-shapu na E ndizo noti tatu za kodi ya A meja. Hakuna aliyezitia humo. Uzi ukitetemeka mzima, hutetemeka pia kwa nusu yake, thuluthi yake, robo yake na sehemu yake ya tano, na sikio hupokea sauti hizo zote kama sauti za ukoo mmoja. Kodi ya maina haielezeki kirahisi hivyo kwa fizikia ya uzi, lakini sikio huitendea vivyo hivyo. Ndiyo maana noti ya kodi ikiangukia kwenye pigo zito msikilizaji hutulia, hata kama hajui noti inaitwaje, na noti ya nje ya kodi ikikaa hapo humwacha akisubiri kitu.

Waliopitia kwaya wataona jambo hili upesi zaidi kwa solfa. Katika ufunguo wa C, kodi ya C ni do, mi, so. Kodi ya F ni fa, la, do. Kodi ya G ni so, ti, re. Nyimbo chungu nzima za dansi, benga na injili huzungukia kodi hizo tatu tu. Zikusanye noti zake uone: do, re, mi, fa, so, la, ti, zote saba zimo. Anayejifunza noti za kodi hanyimwi skeli basi. Anaipata nzima, ila kwa zamu, kila noti ikija wakati wimbo unapoihitaji. Tena gitaani zamu hizo ziko jirani sana. Shika uzi wa tatu freti ya 5, uzi wa pili freti ya 5, na uzi wa kwanza freti ya 3: hizo ni C, E na G, kodi ya C. Wimbo ukienda F, C inabaki pale pale, E inapanda freti moja na kuwa F, G inapanda freti mbili na kuwa A. Ukitoka C kwenda G, ile G ya uzi wa kwanza ndiyo inayobaki, C inashuka freti moja na kuwa B, na E inashuka freti mbili na kuwa D. Mkono haukusafiri popote. Ile hatua ya freti moja, E kwenda F au C kwenda B, ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba kodi imebadilika, hata besi na ridhimu zikinyamaza. Solo inayoipiga hatua hiyo kwa wakati wake inasikika imeshikana na wimbo, hata ikiwa na noti tatu tu.

Muziki wetu wenyewe ni shahidi mzuri. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga Masanga, alikuwa na gitaa moja na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitoa sauti ya juu. Mpigaji wa namna hiyo hawezi kuiacha kodi akaenda kutafuta solo kwingine, kwa sababu mkono wa kushoto umeishika kodi yenyewe. Sauti ya juu inazaliwa humo humo. Wakati huo santuri za Kyuba zilikuwa zimeshaingia Kongo tangu miaka ya 1930, na katika muziki wa son wa Kyuba piano na gitaa la tres huivunja kodi noti moja moja na kuizungusha. Wapigaji wa Kinshasa waliihamishia tabia hiyo kwenye gitaa la umeme. Sikiliza sebene yoyote, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, iliyopigwa vizuri: kifungu kifupi kinarudiwa, na kodi ikigeuka noti moja au mbili za kifungu hicho zinageuka nayo.

Kuna watakaopinga kwamba skeli ya pentatoni ni rahisi zaidi na haikosei. Kwa kiasi wana haki. Do, re, mi, so, la hazina noti mbili zilizoachana kwa freti moja, kwa hiyo ni nadra kugongana vibaya na kodi zile tatu. Lakini angalia kilichoachwa nje: fa na ti. Fa ndiyo mzizi wa kodi ya F, na ti ndiyo noti inayoipa kodi ya G hamu ya kurudi nyumbani. Usalama huo umenunuliwa kwa kuziondoa noti mbili zinazotangaza mabadiliko, na hapo ndipo unapotoka ule ugonjwa wa solo inayoelea juu ya wimbo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye jazi. Albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ya mwaka 1959, ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya skeli, na hakuna mwenye masikio atakayeidharau. Ni kweli, lakini humo kodi moja huweza kukaa muda mrefu bila kubadilika, jambo ambalo dansi na benga hazikupi. Isitoshe John Coltrane, aliyepiga saksafoni katika albamu hiyo, mwaka huo huo alirekodi Giant Steps, kibao ambacho kodi zake zinakimbia mbio na yeye anazifuata moja baada ya nyingine. Aliyekwisha kuzijua kodi kiasi hicho ana ruhusa ya kuzipuuza.

Wapo pia wanaosema solo ya namna hii itakuwa kavu, do-mi-so kupanda na kushuka kama mazoezi ya kwaya. Itakuwa kavu ukiipiga hivyo. Dawa yake ni mapigo: rudia noti moja mara tatu, nyamaza pigo moja, ingia kwenye mi ukitokea re, freti mbili chini yake, chelewesha noti ya mwisho. Noti za kupitia kama hiyo re ndizo kazi halisi ya skeli, na zinaleta utamu pale tu panapojulikana zinakoelekea.

Kwa hiyo kabla hujatafuta skeli nyingine, rekodi kwenye simu yako C, F, C, G kwa mwendo wa taratibu, kila kodi mapigo manane. Piga juu yake noti zile tatu za kila kodi, kwenye nyuzi zile zile tatu tu, na usiongeze ya nne mpaka utakapoweza kuzima simu na mtu aliyekaa karibu nawe akaendelea kusikia kodi zikibadilika.