Kalamu ya Mtambo na Kofia ya Vito

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yana haki yake shambani, lakini anayeingia katika kazi ya kuchora kwa mtambo hana budi kuyaweka kando kwa muda. Katika kazi hii, kuchagua kalamu ni nusu ya ufundi, na pengine zaidi.

Mtambo wenyewe huitwa plota. Si printa ya kurashia wino. Ni mkono wa chuma unaoshika kalamu ya kawaida, hii hii tunayoandikia barua. Mota mbili huupeleka mkono huo kulia na kushoto, mbele na nyuma. Mota ndogo ya tatu huinua kalamu na kuiteremsha. Kompyuta hutoa amri tu: teremsha, nenda hapa, inua, nenda pale.

Mwaka 1965, huko Stuttgart, Ujerumani, Georg Nees na Frieder Nake walionyesha hadharani picha zilizochorwa kwa njia hiyo. Hawakupanga kila mstari wenyewe. Waliandika kanuni, wakatia na bahati nasibu ndani yake, kisha wakauachia mtambo uchore. Bibi Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris hadi alipofariki mwaka 2023, alianza kutumia kompyuta mwaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa akichora kwa mkono kwa kufuata kanuni alizojiwekea mwenyewe.

Je, msomaji, jambo hili ni geni kwetu? Hebu itazame kofia ya vito. Duara ya juu hugawanywa sehemu zilizo sawa, ua likachorwa katika sehemu moja, kisha likarudiwa mpaka duara ijae. Ukanda wa kando nao hufuata mpango wake. Hiyo ni kanuni, hata kama haikuandikwa popote. Mchoraji akishamaliza, mshonaji hushika sindano, akatoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Basi kijana wa Mjambere, huko Kisauni, aliyekua akimwona shangazi yake ameinamia kofia, ameshaonja elimu hii kabla hajaiona kompyuta.

Tuseme kijana huyo ametaka mtambo umchoree shangazi mauaridi ya kofia. Hapo si mchezo tena. Kofia moja hula wiki nyingi za macho na vidole. Mchoro ukipinda, au wino ukikataa kutoka kitambaani, jasho la watu limepotea bure.

Aanze na karatasi. Mtambo uwekwe juu ya meza isiyotikisika. Karatasi ibanwe pembe zote nne kwa selotepu, na feni igeuziwe upande mwingine, kwani upepo ukiinua ncha moja ya karatasi, kalamu itaikwaruza. Mkono ukiwa juu, ncha ya kalamu iachwe milimita mbili tatu kutoka kwenye karatasi, ili mkono ukishuka iguse bila kukandamiza. Ikikandamiza, ncha huliwa na karatasi huchanika. Halafu achore mraba mmoja na duara moja. Duara isipokutana mwisho wake na mwanzo wake, ama kalamu inacheza kibanioni, ama mkanda wa mtambo umelegea. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, mtambo husahau ulipokuwa; kwa hiyo apime na kuandika pahali alipoanzia.

Sasa tuje kwenye kalamu. Biro ni rahisi na haikauki upesi, lakini hutaka kukandamizwa, na mara nyingi huruka mwanzo wa mstari. Kalamu za jeli zina rangi nzuri, hata nyeupe juu ya karatasi nyeusi, ila wino wake huchelewa kukauka. Na kwa unyevu wa hewa ya pwani yetu, aliye na haraka ataupaka kwa kiganja. Kalamu za ncha ya felti, za milimita 0.3 au 0.5, ndizo zinazomfaa anayejifunza. Zile nyembamba kabisa huchakaa mapema. Kalamu za chuma za wachora ramani hutoa mstari safi usiobadilika, lakini zataka kusimama wima na kuoshwa kila mara, la sivyo huziba.

Akishachagua, aipime. Mraba wa sentimita 10 ukijazwa mistari iliyoachana nusu milimita una mistari 200, yaani mita 20 za wino. Kalamu ya milimita 0.5 itaufanya mraba huo mweusi tititi, ya 0.3 itaacha weupe katikati. Kanuni ni ile ile, picha ni mbili.

Waandishi wa khati walilijua jambo hili zamani. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, anasifiwa kwa kupima herufi kwa nukta, na nukta hiyo upana wake hutoka katika ncha ya kalamu yenyewe. Kalamu ikibadilika, herufi nzima hubadilika nayo. Hata tete lililochongwa kwa mshazari laweza kufungwa kwenye plota. Likikaa kwa pembe isiyobadilika, mstari utanenepa na kukonda wenyewe kwa kadiri unavyogeuka. Shida ni kwamba litataka kuchovywa wino kila baada ya mistari michache.

Kwa kofia, mizani ni nyingine. Hapa hautafutwi wino wa kudumu, bali ule unaotoka kwa maji. Kitambaa kivutwe kikazwe juu ya ubao, maana kikilegea huifuata kalamu. Kwanza ijaribiwe kalamu kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho, kikae siku kadhaa, kisha kifuliwe. Asipige pasi kabla ya kufua, kwani joto laweza kuufanya wino ung'ang'anie daima. Kipande kikitoka cheupe, ndipo kofia ipandishwe mtamboni.

Wapo watakaouliza kama mtambo utamnyang'anya mchoraji kazi yake. Mtambo hauna jicho. Hauoni kwamba ua limebanana mno na sindano haitapata pa kupita, wala haujui kwamba wino umekwisha. Utaendelea kuchora hewa hadi mwisho. Anayejua ni shangazi. Kwa hiyo kijana wetu akimaliza mchoro wa kwanza, asiupeleke kwa rafiki zake. Ampelekee yeye, akae kitako, na asikilize atakaloambiwa. Mwenda pole hajikwai.