Sura ya Sita: Wodi Ionekanavyo kwa Aliyelala

Anayeingia wodini kwa miguu yake huona mambo fulani. Vitanda vimepangwa mstari, sakafu imepigwa deki, meza ya nesi iko mahali pake, njia ya kupitishia toroli ni pana. Aliyelala chali na dripu mkononi huona mengine kabisa. Huona dari. Huona taa ya tyubu iliyofungwa sawia na macho yake, asiyoweza kuizima kwa sababu swichi iko mlangoni na inawasha wodi nzima. Husikia mlango wa chuma ukibamizwa, simu ya jirani ikiita, mgonjwa wa kitanda cha tatu akigumia. Jasho humloanisha mgongo juu ya raksini iliyofunika godoro, na akitaka kugeuka hana pa kujishikia. Dai la sura hii ni kwamba adha hizi hazitokani na ufukara peke yake, wala na roho mbaya ya watumishi. Zinatokana na kwamba hospitali huchorwa, hujengwa na kukaguliwa na watu wazima wa afya, waliosimama, tena mchana. Utulivu wa mgonjwa umewekwa katika fungu la mambo ya ziada yatakayofikiriwa pesa zikibaki, ilhali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Wazo hili ni la zamani. Florence Nightingale, baada ya kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, alitoa mwaka 1859 kitabu cha uuguzi chenye sura nzima kuhusu kelele. Hakuichukulia kelele kama suala la adabu. Aliihesabu miongoni mwa vitu vinavyomdhuru mgonjwa, hasa ile inayomshtua, na hata minong'ono ya daktari na ndugu karibu na kitanda aliikemea, kwa kuwa mgonjwa hujikaza kuisikiliza na kuchoka bure. Alitaka pia mgonjwa aweze kuona nje bila kujiinua. Ramani ya wodi aliyoipigania, ndefu na yenye madirisha marefu pande zote mbili, ilienea duniani hadi ikafika kwetu. Hospitali nyingi kongwe za serikali na za misheni katika Afrika Mashariki zingali na wodi za namna hiyo. Lakini kilichofika ni ramani. Hoja ya utulivu iliachwa njiani, na wodi ndefu ikabaki kusifiwa kwa jambo moja, kwamba nesi mmoja aweza kuona vitanda vyote akiwa mezani pake.

Aliyeichukua hoja hiyo kwa uzito wake wote alikuwa mchoraji wa majengo wa Ufini, Alvar Aalto, ambaye hospitali yake ya kifua kikuu huko Paimio ilikamilika mwaka 1933. Wagonjwa wa kifua kikuu wakati ule walilala miezi mingi, na Aalto akachora chumba cha mtu anayelala. Dari ilipakwa kijani tulivu. Taa iliwekwa mahali ambapo macho ya aliyelala hayaifikii. Beseni la kunawia lilipewa mwinamo ambao maji yakiliangukia hayatoi sauti, ili anayenawa usiku asimwamshe mwenzake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji mitambo. Kilichohitajika ni mtu kufikiri mapema, kabla ya fundi kuchanganya zege, kuhusu saa nane za usiku ndani ya chumba hicho.

Mwenye shaka atauliza ushahidi uko wapi kwamba mambo haya huponya. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine, dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Walilinganishwa wawili wawili waliofanana umri, jinsia na mambo mengine ya kiafya. Walioona miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, walioona ukuta siku 8.70, na hao wa ukutani walihitaji dawa kali zaidi za maumivu. Wagonjwa 46 ni wachache, na nisingekubali nadharia nzima isimame juu ya hospitali moja. Ila utafiti ule ulifanya jambo kubwa: ulilitoa dirisha kwenye mjadala wa ladha na kulipeleka kwenye mjadala wa siku za kulazwa na vipimo vya dawa, mambo ambayo hata mhasibu wa hospitali huyajali.

Kuhusu kelele ushahidi ni mnene zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba katika vyumba vya wagonjwa wastani wa kelele usizidi desibeli 30, mchana na usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipokusanya mwaka 2005 vipimo vilivyochukuliwa hospitalini kwa miongo mingi, walikuta wastani wa mchana umepanda kutoka desibeli 57 mwaka 1960 hadi 72, na wa usiku kutoka 42 hadi 60. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio huona sauti imekuwa kubwa takriban mara mbili. Vipimo hivyo vilitawaliwa na hospitali za nchi tajiri, zenye kila kifaa, na pengine vifaa hivyo ndivyo vilivyoleta kelele. Kwa hiyo anayedhani tatizo la utulivu litajimaliza nchi ikitajirika hana sababu ya kudhani hivyo. Na mwili usiolala hulipa: mtu aliyekosa usingizi huhisi maumivu kwa ukali zaidi, na mzee aliyelazwa huweza kuchanganyikiwa ghafla hata asiwatambue wanawe. Mwaka 2013 Harlan Krumholz, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kuhusu wazee wa Marekani wanaoruhusiwa kwenda nyumbani: karibu mmoja kati ya watano hurudi kulazwa ndani ya siku 30, na mara nyingi kwa ugonjwa tofauti na ule wa kwanza. Maelezo yake ni kwamba kulazwa kwenyewe, pamoja na kukosa usingizi, kula vibaya, kuumia na kukaa kitandani bila kujongea, humwacha mgonjwa dhaifu mbele ya maradhi mengine. Ikiwa ni hivyo, basi wodi inayomnyima mtu usingizi inamtibu kwa mkono mmoja na kumdhoofisha kwa mwingine.

Tukija kwetu, pa kuanzia ni chooni, ingawa wengi huona haya kupaandika. Wodi zetu za mifupa zimejaa majeruhi wa bodaboda, watu wenye plasta mguuni au vyuma mfupani. Katika vituo vingi watu hao hao huelekezwa kwenye choo cha kuchuchumaa kilicho mwisho wa korido, chenye sakafu iliyolowa na ukuta usio na hata bomba moja la kujishikia. Mama aliyejifungua kwa upasuaji jana yake hutakiwa kuchuchumaa na mshono tumboni. Matokeo yake hayaandikwi popote: mgonjwa anajinyima maji na chakula ili asiende. Anayejinyima maji hukauka, hufunga choo, mkojo wake huchafuka, kidonda chake huchelewa kupona. Naye anayejikaza kwenda peke yake gizani huanguka. Huanguka akiwa hospitalini, kwa sababu ya hospitali. Choo kimoja cha kukalia na mabomba mawili ya chuma ukutani ni gharama ndogo mbele ya mguu uliovunjika mara ya pili.

Kisha kuna ndugu. Hospitali za Afrika Mashariki haziendeshwi na watumishi peke yao. Ndugu huleta uji, huogesha, hugeuza mgonjwa, hukimbilia dawa duka la nje, humwita nesi dripu inapokwisha. Bila wao kazi ya wodi ingelala. Hata hivyo michoro mingi humchukulia ndugu kama mvamizi wa kuzuiwa na mlinzi getini. Hakuna benchi, hakuna pa kufulia, hakuna pa kupasha chakula, na usiku hutandika khanga chini ya kitanda. Baadhi ya hospitali za misheni vijijini ziliwajengea ndugu banda la jiko, na hizo zilielewa jambo ambalo majengo mapya ya vigae hayajalielewa. Mchoro wa kweli huhesabu kila mtu atakayekuwamo ndani ya jengo. Ndugu akiwa na kiti chake, mgonjwa hulala zaidi na nesi hupumua.

Suala la faragha ndilo linaloonyesha wazi zaidi kwamba jengo na tabia haviachani. Mkoani Tanga nchini Tanzania, wilayani Korogwe, mradi uitwao Staraha, uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia, ulijaribu mwanzoni mwa muongo wa 2010 kupunguza dharau na unyanyasaji kwa wanawake wanaojifungua. Kabla ya hapo, utafiti katika wilaya za Korogwe na Muheza ulionyesha kwamba karibu asilimia 19 ya akina mama walieleza kutendewa hivyo walipohojiwa wakitoka kituoni, na asilimia 28 walipohojiwa tena baadaye wakiwa nyumbani. Hatua zilizochukuliwa hazikuwa za kutisha. Mapazia yalipelekwa kwenye chumba cha kujifungulia, akina mama wakaulizwa maoni yao kabla ya kuondoka, watumishi waliokosea wakapewa ushauri, waliokuwa zamu wakapatiwa chai. Kwa hesabu za watafiti, kipimo cha uwezekano wa mama kukutana na unyanyasaji kilishuka kwa asilimia 66, Muheza ikiwa wilaya ya kulinganishia. Pazia peke yake halikuleta hayo yote. Lakini lilikuwamo, nami naona si kwa bahati: aliyefunikwa hutazamwa kama mtu, na hata anayemhudumia hujikuta akibisha hodi kabla ya kuingia.

Pingamizi kubwa ni la pesa. Kituo kisicho na damu wala dawa ya usingizi, husemwa, hakina haki ya kuzungumzia rangi ya dari. Pingamizi hili lina heshima yake, na pale ambapo kweli ni kuchagua kati ya damu na pazia, damu itangulie. Ila mara nyingi hakuna uchaguzi wa namna hiyo. Swichi ya kila safu ya vitanda haigharimu zaidi ya waya wa ziada. Dirisha litatobolewa tu. Kulishusha usawa wa macho ya aliyelala ni uamuzi wa kwenye karatasi. Tena dirisha hilo hilo hufanya kazi mbili. Huko Lima, Peru, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vyumba vya hospitali vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, dhidi ya mara 12 katika vyumba vya kutenga wagonjwa vyenye mitambo ya hewa, na majengo ya zamani yenye dari ndefu yalishinda mapya. Hewa hiyo ni uhai. Mwaka 2006 dunia ilisikia kuhusu Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako kati ya wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia walifariki 52, wengi wao wakiwa wamewahi kulazwa hospitalini muda mfupi kabla.

Waliochora hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, walikuwa na msiba huo akilini. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2011 na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, ilichorwa na MASS Design Group. Korido za ndani ambamo wanaokohoa husongamana ziliondolewa na watu wakangojea nje barazani. Ndani ya wodi, vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za pembeni. Viliwekwa katikati, vichwa vikielekea ukuta mfupi, ili kila mgonjwa atazame dirisha na vilima vya Burera badala ya kutazama uso wa mgonjwa mwenziwe. Mawe ya volkano ya eneo hilo, ambayo wakulima waliyaona kero mashambani, yalichongwa na mafundi wenyeji yakawa kuta. Kitanda kuwekwa katikati badala ya pembeni hakuongezi bei ya kitanda.

Wapo pia wanaohofia kwamba utulivu na faragha vitamficha mgonjwa asionekane na nesi wa zamu, ambaye usiku huenda akawa peke yake na wagonjwa makumi kadhaa. Hofu hii naikubali nusu. Siombi kila mtu apewe chumba chake. Katika wodi zetu jirani wa kitanda ndiye mara nyingi humwona mwenzake akizidiwa na kupaza sauti, na kumtenga mgonjwa kwaweza kumgharimu maisha. Ninachoomba ni pazia linalovutwa wakati wa kuoga na kupimwa na kufunguliwa baadaye, taa ndogo ya nesi isiyowaamsha wote, milango yenye mpira ukingoni, na vitanda vinne au sita kwa kila sehemu badala ya thelathini. Nesi mwenyewe atafaidika. Yule anayefokea wagonjwa alfajiri mara nyingi amekesha ndani ya kelele ile ile.

Nchini Tanzania vituo vingi vya afya vya miaka ya karibuni vimejengwa na mafundi wa kawaida chini ya kamati za ujenzi zenye wananchi ndani yake, michoro ikitoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na fedha zikishukia kwenye halmashauri. Ukiwa mjumbe wa kamati kama hiyo, omba uoneshwe mchoro kabla ya msingi kuchimbwa, na uulize mambo matano: swichi iko wapi, aliyelala ataona nini, choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani na kina bomba la kushika, pazia litaning'inia wapi, na ndugu atakaa wapi. Jengo likikamilika nenda siku moja kabla ya uzinduzi, usiku, ulale saa nzima juu ya kitanda kimojawapo taa zikiwa zimewaka, halafu ndipo utie saini ya kulipokea.