Kabla ya Kuacha Ajira: Utangulizi wa Ushauri Huru wa TEHAMA

Huenda unakifungua kitabu hiki ukiwa bado una ajira. Unasimamia seva za benki, au mtandao wa hospitali, au mfumo wa hesabu wa kiwanda fulani Barabara ya Nyerere. Umemwona mshauri akija kwa wiki mbili, akaandika ripoti yenye mambo uliyoyasema wewe tangu mwaka juzi, akaondoka na malipo yanayopita mishahara yako ya miezi minne. Ukajiuliza: mimi nakosa nini? Swali ni halali. Wasomi wamelishughulikia kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya majibu yao haihusu kompyuta.

Tuanze na uchumi. Mwaka 1937 Ronald Coase, mchumi Mwingereza, aliuliza kwa nini kampuni zipo. Kama soko lipo, kwa nini mwenye kiwanda asinunue kila huduma huko, siku kwa siku, badala ya kuajiri? Alijibu kwamba kulitumia soko kuna gharama zake: kumtafuta mtu, kupatana bei, kuandika mkataba, kuufuatilia. Gharama hizo zikizidi, kuajiri ni nafuu. Kwa anayewaza kujitegemea, hoja hiyo ni kipimo kizuri sana. Kazi ya kila siku, kama kurudisha nywila zilizosahaulika na kukwamua printa, mteja ataajiri kijana aifanye. Kazi inayokuja mara moja katika miaka mitano, kama kuihamisha SACCOS kutoka kwenye madaftari na Excel hadi kwenye mfumo kamili, hiyo ataitafutia mtu wa nje. Ikiwa ujuzi wako wote ni wa aina ya kwanza, kinachokuzuia si uoga. Ni Coase.

Kwetu Tanzania kazi za aina ya pili zinaongezeka, na nyingine zinaletwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zijisajili kwa Tume husika na zilinde zilichokabidhiwa. Shule ya binafsi yenye majina, picha na namba za simu za wazazi mia nane imo. Zahanati imo. Na wewe mshauri, ukishafungua kanzidata ya mteja, umo pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Katika sekta ya afya kuna DHIS2, mfumo wa takwimu unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Anayeujua kwa undani anaweza kuuza ujuzi wake Lilongwe au Kampala kama anavyouuza Dodoma, kwa kuwa huko nako unatumika.

Sasa hesabu, na hapa naomba tukae kidogo. Mwajiriwa anayelipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi hugawanya kwa siku 22 za kazi, akapata kama 136,000, kisha akasema: nikimtoza mteja 150,000 kwa siku nimeshapiga hatua. Hajapiga. Mwaka una siku 260 za kazi. Toa likizo na sikukuu, zimebaki kama 225. Katika hizo, utatumia siku nyingi mno kuandika mapendekezo, kuhudhuria vikao visivyolipwa, kujaza zabuni na kudai fedha zako. Tuseme umebaki na siku 120 ambazo mtu anakulipa. Kwa mwaka wa kwanza hilo ni jambo la kushukuru. Ili upate milioni 36 ulizokuwa ukipata, kila siku iliyolipwa lazima ilete 300,000. Hapo hujanunua kompyuta mpakato, bando wala mafuta.

Na bado kuna vitu ambavyo mshahara ulivificha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Akiugua, ana hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Mwajiri pia huchangia NSSF. Mshauri huru akishikwa na malaria wiki nzima, wiki hiyo imepotea. Sisemi haya kukutisha. Nimeona watu wenye akili nyingi wakiingia katika kazi hii kwa bei ambayo isingeweza kuwalisha hata kama wangepata wateja wote waliowataka.

Wengi huniambia wanautaka uhuru wa muda kuliko fedha. Hapa kuna utafiti ambao kila mtu angepaswa kuusoma kabla ya kuamua. Stephen Barley na Gideon Kunda, walioishi kama wanaanthropolojia miongoni mwa wataalamu wa mikataba wa Silicon Valley mwishoni mwa miaka ya 1990, walichapisha mwaka 2004 kitabu kiitwacho Gurus, Hired Guns, and Warm Bodies. Waliyemkuta hakuwa yule mtu huru wa kwenye matangazo, wala mnyonge aliyetupwa na waajiri kama wakosoaji walivyodai. Walikuta watu wenye haki ya kupumzika wakati wowote, ambao wengi wao hawakupumzika. Saa isiyofanyiwa kazi ilikuwa imekwisha kuwa na bei, na kila mteja ambaye angeambiwa “sina nafasi” angeweza asipige simu tena. Jichunguze basi. Ikiwa Jumapili huwezi kuacha simu ya bosi mmoja iite bila kuipokea, utafanyaje ukiwa na mabosi sita?

Kisha kuna suala la kuaminiwa. Mchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kupambanua gari zima na bovu hutoa bei ya wastani, na wenye magari mazuri hujitoa sokoni. Msomaji aliyewahi kuzunguka kwenye yadi za magari ya Japani Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Mteja wako naye hajui kama usanidi ulioufanya ni imara; angejua, asingekuita. Ndiyo maana vyeti kama CISA vina soko, na ndiyo maana neno la mhasibu mmoja aliyeridhika linavishinda vyote. Neno hilo huchukua miaka kulipata na unalirithi kutoka kwenye ajira yako: kwa wale uliokaa nao ofisi moja, wale uliowajibu kwa upole mtandao ulipokatika saa kumi na moja jioni. Aliyeachana vibaya na kila ofisi alikopita ana deni ambalo ujuzi hauwezi kulilipa.

Mwanasaikolojia Edgar Schein, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu ushauri, alitofautisha kumuuzia mteja utaalamu aliouomba, kumpima kama daktari kisha kumwandikia dawa, na kumsaidia aone mwenyewe tatizo lake. Mafundi wazuri hupenda njia ile ya kwanza, kwa sababu hadidu za rejea zimeandikwa na wao ni kutekeleza tu. Lakini hadidu hizo mara nyingi zimekosea tatizo. Mkurugenzi ameomba seva mpya. Kinachomsumbua ni kwamba mtunza stoo na mhasibu hawasemezani. Ukiifurahia dakika ile ya kukaa na wawili hao ukasikiliza, kazi hii ni yako. Ukiiona kama usumbufu unaokuchelewesha kufika kwenye seva, baki na seva. Ni kazi ya heshima, na nchi inaihitaji.

Mambo ya TIN, leseni na ankara hayana ugumu wa kuyaogopa. Jua tu kwamba mteja atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, na umdai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka.

Sura zinazofuata si lazima zisomwe kwa mpangilio. Mwenye mteja mmoja tayari aingie moja kwa moja kwenye sura ya mikataba, hasa kifungu cha malipo ya awali, maana wengi wanaofunga biashara zao wana kazi nyingi na ankara zisizolipwa. Asiye na mteja hata mmoja asome sura ya soko, kisha amfanyie mtu kazi moja ndogo mwishoni mwa wiki, kwa idhini ya mwajiri wake, kwa bei kamili. Aliye na mkopo benki na watoto shuleni aanzie kwenye sura ya hesabu, akiwa na kalamu, na aifanye pamoja na mwenzi wake.