Maji moto ya dobi: tazama uniti, si bei ya hita

Anayefungua duka la kufulia kwa mashine jijini Dar es Salaam huuliza kwanza bei ya hita. Mtaji, hata hivyo, huliwa na nishati. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwa hita ya umeme hula uniti 41 hivi, mbali na joto linalopotea tangini. Gesi ni kilo 4 hivi. Pampu ya joto, inayovuna joto la hewa, hutumia takriban uniti 14, na hewa ya Dar inaifaa. Bei yake ndiyo chungu. Mnunuzi azidishe uniti 27 zinazookolewa kila siku kwa bei ya uniti, ndipo aamue kukopa. Wenye maji ya kisima wapime chokaa kwanza: ikigandia koili, huungua mapema.